Droni Moja, Watoto Ishirini

Niliwahi kualikwa shule moja kwenda kuona maabara yao ya droni. Mwenyeji wangu alifungua kabati la chuma kwa funguo mbili. Ndani mlikuwa na droni nane kwenye maboksi yake, na tatu zilikuwa bado na nailoni ya kiwandani. Betri mbili zilikuwa zimevimba kama maandazi. Droni nyingine zilirushwa siku ya uzinduzi, mgeni rasmi akapiga makofi, moja ikagonga ukuta, na tangu hapo hakuna mwalimu aliyethubutu kuzigusa, maana zimeandikwa kwenye daftari la mali na anayevunja analipa.

Mimi nina moja. Klabu yangu ya kompyuta hukutana Jumatano baada ya vipindi, watoto ishirini, wengi wa darasa la sita na la saba. Watu wakisikia hesabu hiyo hunionea huruma na kuniuliza nitapata lini nyingine. Mtu akinipa fedha leo sitanunua droni ya pili. Nitanunua betri mbili, na tepu ya kupimia ya mita kumi, ile ya mafundi. Mbinu nitakazoeleza zimetokana na uhaba huo. Droni inakaa hewani dakika chache, watoto ni wengi, basi kazi kubwa inafanyika sakafuni, kwa chaki na kwa kubishana. Siku moja tuliazimwa droni nne, na kila mtoto akawa anabonyeza tu. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kitu.

Tuanze na chombo chenyewe. Wengine wanakiita ndege nyuki, wengine ndege isiyo na rubani. Watoto wangu wanasema droni, nami nawafuata. Kwa darasani tafuta ndogo isiyozidi gramu mia, yenye mapanga yaliyozungushiwa kinga ya plastiki, na zaidi ya yote iwe inapokea amri kutoka kwenye programu uliyoiandika mwenyewe. Hili la mwisho wauzaji wengi hawalijui, kwa hiyo usiridhike na "ndiyo" ya haraka ya dukani. Droni za rimoti tupu ni nzuri kwa kuchezea, lakini mtoto ataishia kuzoeza vidole. Mimi natumia Tello, iliyotengenezwa na Ryze Tech kwa teknolojia ya DJI na Intel, ikatoka mwaka 2018 ikiuzwa dola 99 za Marekani. Ina gramu 80 hivi. Kiwandani wanasema inaruka dakika 13 kwa betri moja. Darasani, kwa kupaa na kutua kwetu kusikoisha, mimi nahesabu nane. Ukipata ya aina nyingine hakuna ubaya, ila namba nitakazotaja uzilinganishe na kijitabu chake.

Kabla hujalipa, uliza vibali. Tanzania swali hilo ni la Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kenya ni la KCAA, ambayo kanuni zake za ndege zisizo na rubani ni za mwaka 2020. Uliza kuhusu kuingiza nchini, kusajili na kurusha, yote matatu, kwa maandishi, barua ikipitia kwa mkuu wa shule. Mzigo wa droni usio na karatasi unaweza kulala forodhani hadi watoto wamalize shule. Wazazi nao wajulishwe, hasa kuhusu kamera. Mimi nimewaambia kwamba programu zetu haziwashi picha, na ni kweli haziwashi.

Halafu usirushe nje. Najua uwanja unavutia, na najua watoto watakuomba kwa sauti ya kuhuzunisha. Gramu 80 na upepo wa saa kumi jioni haviwezani. Yetu ilishakaa juu ya mwembe usiku mzima, na aliyeishusha ni mtoto ambaye hadi leo anadai posho.

Ndani ya darasa kuna maadui wawili. Wa kwanza ni pangaboi. Lizimwe, na swichi yake ibandikwe karatasi, kwa sababu saa nane mchana lazima atatokea mtu mwenye huruma wa kuliwasha. Wa pili ni sakafu, na huyu alinisumbua muhula mzima kabla sijamjua. Droni hizi ndogo hazina GPS. Tumboni zina kamera inayotazama chini, inayojua kwamba haijasogea kwa kuangalia alama zilizo sakafuni. Sasa sakafu ya saruji iliyopigwa nili ikang'aa haina alama. Droni inaning'inia pale juu, inaanza kuteleza polepole kuelekea dirishani kama mtu anayesinzia, na watoto wanaandika programu upya mara tano wakidhani kosa ni lao. Tulitandika kanga. Ikawa mbaya zaidi! Upepo wa mapanga uliitikisa kanga, na droni ikawa inaifuata ile michoro inayocheza. Mwishowe tulitandika mikeka miwili ya ukindu yenye rangi rangi, ikawekewa tofali kila pembe. Tangu siku hiyo droni inasimama hewani kama imepigiliwa msumari. Mikeka ya rangi ninaihesabu kama sehemu ya vifaa vya somo, na ndiyo pekee iliyopatikana kwa bei ya sokoni.

Sasa somo. Kwa wiki mbili za mwanzo droni haitoki kwenye boksi. Mtoto mmoja anafungwa kitambaa machoni, huyo ndiye droni. Wenzake wanne wanakaa upande mmoja wa darasa na vikaratasi, na lazima wamfikishe kwenye kiti bila kumgusa. Kanuni ni moja: amri zote ziandikwe kwanza, zisomwe kwa mfululizo, na katikati ya safari hakuna kubadilisha neno. Kundi la kwanza huandika "nenda mbele hatua tano". Hatua za nani? Mtoto mrefu anapita kiti, mfupi anaishia njiani, na hapo ugomvi unaanza wenyewe bila mwalimu kufungua mdomo. Baada ya dakika kumi mtu atasema tutumie sentimita. Muache aseme mwenyewe.

Ugomvi wa pili ni wa kulia na kushoto. Droni ikikutazama, kulia kwake ni kushoto kwako. Na neno lenyewe lina mtego, kwa sababu "kulia" pekee halisemi kama unasogea ubavu au unageuza uso. Jibu lilikuja kutoka kwa mtoto anayepanda bodaboda kila siku: huwezi kumwambia dereva "nenda kulia", unamwambia "kata kulia". Basi tukapitisha pale pale. *Kata* ni kugeuza pua, na namba yake ni nyuzi. *Sogea* ni kwenda ubavu bila kugeuka, na namba yake ni sentimita. Maneno hayo tuliyaingiza kwenye programu yetu yakabaki hivyo.

Nieleze hapa kidogo upande wa kompyuta, maana walimu wengi hukwama hapa na kurudisha droni kwenye boksi. Droni inatengeneza mtandao wake wa Wi-Fi. Kompyuta ikiunganishwa nao inapoteza intaneti, kwa hiyo kila unachohitaji kipakue siku moja kabla, kisha zima intaneti na ujaribu kama kinafunguka. Kuna programu zitakazogoma, na ni bora zikugomee ukiwa peke yako. Pili, kompyuta za Windows huwa na ukuta wa kinga unaozuia majibu ya droni. Amri inakwenda, jibu halirudi, na wewe unadhani droni imekufa. Iruhusu programu yako kwenye ukuta huo mapema. Tatu, droni yenyewe inaelewa maneno mafupi ya Kiingereza yanayotumwa moja moja. La kwanza lazima liwe *command*. Bila hilo haisikii kitu. Kila amri ikipokelewa droni inajibu ndiyo au kosa. Na ikikaa sekunde 15 hewani bila kuambiwa neno, inatua yenyewe.

Watoto wasiozoea kuandika kwa kibodi huanza na bloku za kuburuta, kwa mtindo wa Scratch, lugha ambayo MIT waliitoa mwaka 2007. Wakishazoea tunahamia Python. Kuna maktaba ya bure inaitwa djitellopy, inayotuma zile amri kwa niaba yako. Nilichofanya ni kuandika faili dogo la mistari isiyofika thelathini, linalozibatiza amri hizo upya: paa(), tua(), mbele(100), kata_kulia(90), sogea_kushoto(50). Ilinichukua jioni moja. Faida yake ni kwamba mtoto anaweza kusoma programu ya mwenzake kwa sauti na darasa zima likaelewa, hata yule ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha. Wakifika sekondari watajifunza majina ya asili kwa siku moja. Kufikiri kwa mpangilio hakujifunziki kwa siku moja, na sioni sababu ya kuweka ukuta wa lugha mbele yake.

Makundi ni ya watoto wanne na kila mmoja ana kiti chake. Mwandishi ndiye anayegusa kibodi, lakini haruhusiwi kuamua, anaandika anachoambiwa. Msomaji husoma programu kwa sauti kabla ya kurusha, mstari kwa mstari, huku akitembea juu ya mkeka na mkono wake ukiwa ndio droni. Mpimaji anashika tepu na chaki. Mlinzi hana kazi nyingine ila kutazama hewani, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kutua, na yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kupiga kelele "Tua!" Akisema hivyo hakuna anayemwuliza kwa nini hadi mapanga yasimame. Nimeona mtoto mpole kuliko wote, ambaye darasani hasikiki, akiwatuliza wenzake kwa neno moja hilo.

Kiti cha mwandishi ndicho kila mtu anachokitaka, na usipoangalia kitakaliwa mwaka mzima na yule ambaye nyumbani kwao kuna kompyuta. Kumwambia "mpishe mwenzako" hakusaidii sana. Kinachosaidia ni betri. Betri ikiisha, viti vinabadilishwa, kila mtu anasogea kimoja kuelekea kulia. Hakuna wa kulaumiwa, betri ndiyo imeamua. Baada ya majuma mawili watoto wenyewe huanza kuibana betri. Programu inakaguliwa mara tatu kabla ya kuwasha, kwa sababu kila jaribio la ovyo linamnyima mtu zamu yake.

Kuwasha nako kuna adabu yake. Tello ikiwashwa na kuachwa chini wakati watu wanajadiliana inapata moto, kwa kuwa upepo wa mapanga yake ndio unaoipoza, na mchana wa Dar es Salaam hauisaidii. Ikizidi inajizima. Basi tuna msemo wetu wa klabu: baridi tunabishana, moto tunaruka. Ubishi wote unaisha droni ikiwa imezimwa. Betri nazo hazichajiwi zikiwa bado za moto, hazichajiwi usiku bila mtu, na iliyovimba hairudi tena kwenye droni hata kama inaonyesha asilimia mia. Inawekwa kwenye ndoo ya mchanga nje mpaka ipatikane sehemu salama ya kuipeleka. Wakati wa likizo ziache na chaji nusu. Zile nilizoziona kabatini nadhani ziliachwa tupu miezi mingi.

Kabla ya kila ruko, kila mtoto anaweka kizibo cha soda chenye alama yake pale anapodhani droni itatua. Wote ishirini, si wale wanne tu. Hili ni jambo dogo na ndilo lililobadilisha klabu yangu kuliko yote. Mtoto aliyekuwa anasubiri zamu yake huku akichokoza wenzake sasa anaisoma programu ya kundi lingine kwa makini, kwa sababu kizibo chake kipo pale chini. Droni ikitua, mpimaji anapima umbali wa kila kizibo. Aliye karibu zaidi anaeleza alivyokadiria. Aliye mbali zaidi naye anaeleza, na mara nyingi ndiye mwenye maelezo matamu.

Chukua pembetatu. Mraba hauna shida: mbele mita moja, kata kulia nyuzi 90, rudia mara nne, droni inarudi nyumbani. Kisha nawapa pembetatu yenye pande sawa. Kila kundi, bila kukosa, huandika nyuzi 60, kwa kuwa daftari la hisabati linasema pembe za pembetatu hiyo ni 60. Wanasoma kwa sauti, wanaridhika, wanaweka vizibo pale pale pa kuanzia, vyote vimerundikana. Droni inapaa, inakwenda mita, inakata kidogo, inakwenda, inakata kidogo, inakwenda, inakata, inatua. Imetua mita mbili kutoka nyumbani na imewapa mgongo. Kimya. Halafu mmoja anasema, "Madamu, imekosea."

Haikukosea, na mimi sisemi kitu. Nawaambia tu mmoja wao awe droni. Anatembea, anafika kwenye kona, anasimama, na anaanza kugeuza mwili. Wenzake wamechora pembetatu kwa chaki. Anatakiwa ageuke mpaka auelekee mstari wa pili, na mwili wake unazunguka, unazunguka, unapita sana zile nyuzi 60. Wanaweka protrakta sakafuni. 120. Droni haijui habari za pembe ya ndani. Inachojua ni kiasi inachogeuka, na kiasi hicho ni kile kinachobaki ukitoa 60 kwenye 180. Watoto waliokwisha kujibu swali hilo kwenye mtihani wakapata vema ndio wanaoshangaa zaidi. Mchezo huu ni wa zamani: kobe wa Logo, lugha iliyobuniwa Marekani mwaka 1967 na kina Seymour Papert kwa ajili ya watoto, amewakosesha watoto nyuzi hizo hizo 60 kwa vizazi kadhaa. Tofauti ni kwamba kobe wa kwenye skrini ukimkosea unamfuta, lakini droni ikitua mita mbili pembeni darasa zima limeona.

Baada ya hapo nawapa heksagoni bila maelezo. Kuna anayekumbuka kwamba tayari tulishairuka nusu yake.

Mwalimu mgeni wa kazi hii hujaribiwa kusaidia mapema. Nilikuwa hivyo. Nikiona kosa kwenye kompyuta, kidole kinaniwasha. Siku hizi nashika daftari ili mikono iwe na kazi. Daftari la kila kundi lina safu tatu: tulichotaka, tulichoandika, kilichotokea. Mtoto akija kuniambia "imekataa", namrudisha kwenye safu ya pili. Neno "imekataa" limepigwa marufuku kwetu pamoja na ndugu yake "haitaki". Droni haina kutaka. Mara nyingi wanakuta waliandika mbele(10), na droni hii haipokei chini ya sentimita 20, au wamesahau kupaa kwanza.

Lakini usiwadanganye kwamba kila kosa ni lao. Ukiamuru mbele(300) mara tano kutoka alama ile ile, droni haitatua mahali pamoja mara tano. Fanyeni jaribio hilo mapema, mweke chaki kila inapotua, mpate wastani, muone jinsi alama zilivyotawanyika. Hapo mtoto anajifunza kutofautisha kosa la programu na utundu wa chombo. La kwanza linarudi vile vile kila mara. La pili linacheza huku na huku. Kundi lililofanya jaribio hili halifuti programu nzuri kwa sababu ya ruko moja baya. Pia wanagundua wenyewe kwamba amri nyingi fupi zinajumlisha makosa, na kwamba safari ya mistari mitatu inatua vizuri kuliko ya mistari tisa.

Mwezi wa tatu ndipo ninapotoa kazi kubwa, na nimeichukua Mwanza. Mwaka 2018 ilitangazwa huko kazi ya majaribio ya DHL, GIZ ya Ujerumani na watengenezaji wa droni Wingcopter: droni ilipeleka dawa kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria, kwa dakika 40 hivi. Kwa barabara na kivuko ni kilomita 240. Darasani kwetu kilomita 60 zikawa mita sita, yaani sentimita moja ni mita mia za kweli. Upande mmoja mkeka wa Mwanza, upande wa pili mkeka wa Ukerewe ukiwa na karatasi moja ya A4, hiyo ndiyo zahanati. Katikati turubai la bluu. Kanuni: droni itue juu ya karatasi, pua ikitazama ilikotoka, tayari kwa kurudi. Kila kundi lina betri moja.

Mtego wa kwanza wanaukuta haraka. mbele(600) inarudisha kosa, kwa sababu mwisho ni 500 kwa amri moja. Wagawe vipi? Kundi moja likaandika 500 na 100. Lingine likaandika 300 mara mbili, kwa hoja kwamba katikati ya ziwa wapate nafasi ya kusimama na kutazama. Walibishana robo saa, droni ikiwa imezimwa, na sikuona haja ya kuingilia.

Mtego wa pili sikuutega mimi. Turubai. Droni ilipofika juu yake ilianza kuyumba kama mlevi, ikatua ziwani, na watoto wakaangua kicheko kwamba dawa zimezama. Kilikuwa kisa kile kile cha sakafu ya saruji, rangi moja, inang'aa, hakuna alama, ila mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakisahau. Maji ya kweli nayo huzisumbua kamera za tumboni namna hiyo; kijitabu cha droni kinaonya. Hapo makundi yakaachana njia. La kwanza likataka kuvuka kwa kasi ya juu kabisa, ili muda wa kuyumba uwe mfupi. La pili likakata mitumbwi ya magazeti na kuitawanya ziwani ili kamera ipate cha kutazama. Mitumbwi ikapeperushwa yote na upepo wa mapanga, wakairudisha na selotepu. La tatu likapandisha droni hadi mita mbili kabla ya kuvuka. Msomaji wao, binti wa darasa la sita, alilala chali juu ya meza, akageuka kifudifudi, akasema kutoka hapa naona mpaka mikeka ya pembeni, basi na yenyewe itaiona.

Kundi la kasi lilipitiliza zahanati na kugonga dawati. La mitumbwi lilitua nusu ya droni ndani ya karatasi. La juu lilitua ndani, ila pua ikiwa imetazama mlango, kwa sababu mwandishi aliandika kata_kulia(80) na msomaji alikuwa bado anashangilia wazo lake, hakuusoma mstari huo. Kundi zima liliinamia daftari. Kwenye safu ya tatu mpimaji aliandika: "Imefika. Haiwezi kurudi."

Betri ilionyesha asilimia 38. Mlinzi akataka warekebishe mstari mmoja wajaribu tena mara hiyo hiyo. Mwandishi akasema bado mita sita za kurudi, na kwamba kupanda hadi mita mbili kunakula chaji kuliko kwenda mbele, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelipima. Wakaizima. Mpimaji akachora jedwali jipya, urefu wa kupanda upande mmoja, asilimia ya betri upande wa pili, akaniuliza kama betri ya kundi la kasi, ambalo lilikuwa limeshagonga dawati na halina tena la kufanya, wanaweza kuiazima kwa jaribio hilo. Nikamwambia akaombe mwenyewe.

Walimpa, kwa sharti kwamba vizibo vyao navyo viwepo.